Tambiko bila damu: ibada ya Wakirati wa Satyahangma hufanywaje?

Swali la msomaji aliyeko Doha: "Ninakaa chumba kimoja na Mnepali wa kabila la Limbu, mwenyeji wa Ilam. Dini yake ni Kirati, na anasema yeye ni wa Satyahangma. Hali nyama, hagusi pombe, na ukifika mwezi mpevu huvaa nguo nyeupe na kusali. Mlimbu mwingine tunayefanya naye kazi anasema Kirati bila kuku na bila pombe ya ulezi si Kirati. Mke wa mwenzangu anakaribia kujifungua huko kwao, na nimealikwa kwenye ibada atakayoifanya hapa siku mtoto atakapopewa jina. Ibada hiyo hufanywaje, kilichoondolewa ni kitu gani na kwa nini, na mimi niende na nini?"

Ndugu, wenzako wote wawili ni Wakirati. Wanamwomba mungu yuleyule na wanategemea masimulizi matakatifu yaleyale. Wanachotofautiana ni kile kinachowekwa mbele ya mungu huyo. Kabla hatujaenda mbali, shika hesabu moja maana ndiyo itakayokupa siku ya mwaliko wako: kwa desturi ya Walimbu, mtoto wa kike hupewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na wa kiume siku ya nne. Tatu kwa mwanamke na nne kwa mwanamume ni hesabu inayorudi hata msibani, ambapo ndugu hukaa matanga siku tatu kwa marehemu wa kike na nne kwa wa kiume. Mageuzi ya Satyahangma hayakuigusa hesabu hiyo, na hilo peke yake ni jibu la kwanza kwa yule anayesema mwenzako ameacha Ukirati.

Wakirati ni jina la pamoja la Walimbu, Warai, Wayakkha na Wasunuwar, watu wa milima ya mashariki ya Nepal ambao wapo pia Sikkim na Darjeeling upande wa India. Sensa ya Nepal ya mwaka 2021 ilihesabu watu 924,204 waliosema dini yao ni Kirati, yaani kama asilimia 3.17 ya wananchi wote. Ndani ya idadi hiyo Satyahangma ni tawi moja, na mizizi yake iko kwa Walimbu.

Msingi wa wote ni Mundhum. Hayo ni masimulizi ya kuumbwa kwa dunia, asili ya koo, chanzo cha maradhi na husuda, na njia ambayo roho ya mtu hupita. Walimbu wanatofautisha Thungsap, yaani Mundhum unaokaririwa kwa mdomo, na Peysap, ule ulioandikwa. Mungu mkuu ni Tagera Ningwaphuma, chanzo cha akili na uhai, na duniani hujulikana zaidi kwa sura ya Yuma, bibi wa wote, pamoja na Theba, babu. Nyumba ya ibada huitwa manghim. Wasimamizi wa matambiko wana kazi tofauti: phedangma hushughulikia kuzaliwa, ndoa na ibada za misimu, samba ndiye bingwa wa kukariri Mundhum mrefu, yeba na mwenzake wa kike, yema, huitwa panapokuwa na roho mbaya au kifo cha ghafla. Ukisikia mtu akiwaita wote "waganga", jua hajawahi kukaa nao.

Sasa tuanze na ibada ya zamani, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuona mageuzi yalibadilisha nini. Katika mfumo wa kale kila roho na kila mungu wa nyumbani ana haki yake: mnyama wake, mahali pake na maneno yake. Phedangma hutandika majani ya mgomba, hupanga juu yake nafaka, tangawizi na maji, kisha hukariri safari ndefu ya kupandisha maombi kutoka mekoni hadi kwa mungu. Mnyama huletwa mwishoni. Kinachotolewa hasa ni pumzi yake, ipokelewe badala ya pumzi ya mwenye nyumba, na nyama hugawanywa kwa waliohudhuria. Chukua mfano wa mangenna, ibada ya kuinua kichwa cha mtu, yaani kumrudishia hadhi, nguvu na bahati yake. Kwa njia ya kale huhitaji kuku kwa kila mtu anayeinuliwa, jogoo kwa mwanamume na tetea kwa mwanamke. Nyumba yenye watu sita ni kuku sita, na hiyo ni ibada moja tu ya mwaka.

Pombe nayo ina nafasi yake. Tongba hutengenezwa kwa ulezi, ambao Wakenya wengi huuita wimbi. Ulezi huchemshwa, hupoozwa, huchanganywa na chachu na kuachwa uchachuke, kisha hutiwa kwenye chombo cha mti au mwanzi, humiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Aliyekulia kwa Wateso wa Uganda au wa Busia, akaona wazee wamezunguka chungu cha ajono kila mmoja na mrija wake, ataielewa tongba bila maelezo zaidi. Wala si ajabu, kwa kuwa ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulisafiri hadi Himalaya zamani sana. Kwa Mlimbu wa kale chombo cha tongba ni heshima kwa mgeni, ni sehemu ya posa, na ni haki ya mizimu.

Aliyeyageuza haya ni Phalgunanda Lingden, aliyezaliwa mwaka 1885 katika milima hiyohiyo ya mashariki na kufariki mwaka 1949. Aliwahi kuwa askari katika jeshi la Waingereza la India, kisha akarudi kwao kuhubiri. Mwanzoni mwa Mei 1931 wawakilishi wa koo za Walimbu walikusanyika Silauti, katika wilaya ya leo ya Panchthar, wakatia saini hati ya ahadi iitwayo Satya Dharma Muchulka. Ahadi zake kuu zilikuwa kuacha kuua wanyama na kutumia pombe katika ibada za kuzaliwa, ndoa na kifo, kuacha mahari kubwa ya dhahabu na fedha, na kuwafundisha watoto lugha na maandishi yao wenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Nepal ilimtangaza Phalgunanda kuwa miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Hati ile haikuandikwa kwa sababu ya huruma kwa wanyama peke yake, ingawa huruma ipo katikati ya mafundisho. Ilikuwa pia dawa ya madeni. Walimbu walikuwa na ardhi ya ukoo iitwayo kipat, ambayo haikuruhusiwa kuuzwa kwa mtu wa nje, lakini iliweza kuwekwa rehani. Harusi moja ilidai mahari, nguruwe na mapipa ya pombe. Msiba ulidai karamu nyingine. Fedha zilikopwa kwa wakopeshaji, shamba likawekwa rehani, na mengi hayakukombolewa tena. Mfumo wa kipat wenyewe ulifutwa katika miaka ya 1960. Hivyo aliyesema "acheni kuchinja kwenye msiba" alikuwa pia anasema "msiliache shamba liende kwa mkopeshaji". Jambo la pili ni heshima. Sheria ya Nepal ya mwaka 1854 iliwapanga watu wote kwa tabaka, na Walimbu wakawekwa katika fungu la wanywaji pombe, chini ya wale wavaao uzi mtakatifu, yaani Wahindu wa matabaka ya juu. Kuacha pombe kulikuwa kukataa kudharauliwa kwa sababu ya kikombe.

Hapo ndipo lawama ya yule mwenzako wa pili inapopata nguvu, na ni haki kuitaja. Wakosoaji husema kuacha nyama na kuvaa nyeupe ni kuiga Uhindu wa matabaka ya juu. Kufanana kupo, hakuna haja ya kukuficha. Lakini angalia kilichobaki: Mundhum hukaririwa kwa Kilimbu, huandikwa kwa Sirijanga, maandishi ya Walimbu wenyewe, hakuna Mbrahmin, yaani kuhani wa Kihindu, anayeitwa kuja kuongoza, na koo za Kirati hubaki vilevile. Ningeiita dini ya Kirati iliyorekebishwa, na mwenzako yuko sahihi kujiita Mkirati bila kuomba ruhusa ya mtu. Yule mwingine naye yuko sahihi kuendelea na desturi ya babu zake. Kosa litakuwa wewe ukijifanya mwamuzi kati yao kule kambini.

Twende kwenye ibada yenyewe. Utaratibu wa nyumbani hutofautiana kidogo kati ya familia na familia, na kituo kikuu kilichoko Larumba, Ilam, ambako kiongozi wa sasa ni Atmananda Lingden, kina ibada kubwa zaidi zenye moto mtakatifu. Mifupa ya ibada ya nyumbani, hata hivyo, ni hii.

Inaanza na mwili. Mwenye kusali huoga na kuvaa nguo safi, aghalabu nyeupe. Nguo aliyoingia nayo jikoni penye nyama haifai. Kisha mahali: pembe ya chumba hufagiliwa, hupigwa deki, na kitambaa safi hutandikwa juu ya meza fupi au kasha. Juu yake huwekwa chombo cha maji, cha shaba kikipatikana, maua, matunda mazima, taa ya samli na vijiti vya udi. Mara nyingi kuna pia picha ya Phalgunanda.

Maji ndiyo yanayochukua nafasi ya pombe, kwa hiyo yasichukuliwe kwa uzembe. Yatekwe asubuhi ileile, kwenye chombo ambacho hakuna aliyekinywea. Maua ndiyo yanayochukua nafasi ya damu. Yachaguliwe yasiyonyauka, yasiwe yameokotwa chini, na wala yasinuswe: katika Nepal nzima kitu kilichoguswa na mdomo au pumzi ya mtu kabla ya kutolewa huhesabiwa kuwa ni makombo, na makombo hayatolewi kwa mungu. Wageni wengi huharibu hapa bila kujua. Mtu hununua shada zuri, njiani analinusa mara mbili tatu, kisha analikabidhi kwa furaha. Mwenyeji atalipokea na kulishukuru, na ataliweka kwenye chupa dirishani, mbali na madhabahu.

Taa huwashwa kwanza, udi hufuata. Mwenye kusali hunyunyiza maji, hutoa maua kwa kiganja cha kulia au kwa viganja viwili vilivyoungana, na hukariri Mundhum. Huu ndio moyo wa ibada, na ndiyo sehemu ndefu. Maneno hupangwa kwa jozi, mstari wa pili ukirudia wazo la wa kwanza kwa maneno mengine, na sauti hupanda na kushuka kwa kipimo. Usimkatize hata kama simu yake inaita. Katika ibada ya kale damu ilikuwa alama kwamba tambiko limefika. Pasipo damu, usahihi wa ukariri na usafi wa vitu ndivyo vinavyobeba uzito wote. Ndiyo maana utawaona wafuasi wa Satyahangma wakiwa wakali sana juu ya mambo ambayo kwa mtazamaji ni madogo, kama kidole kilichogusa chakula au neno lililorukwa. Akikosea mstari, hurudi nyuma na kuanza kipande kile upya.

Mwisho, matunda hukatwa na kugawanywa kwa wote waliohudhuria. Yapokee kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiushika mkono huo chini ya kiwiko, au kwa mikono miwili. Yale palepale au uyachukue. Usiyaache sahanini wala usiyatupe kwenye pipa la taka.

Kwa chumba cha kambi kuna mambo ya vitendo ambayo kijijini hayapo. Moto wa wazi mara nyingi umepigwa marufuku vyumbani, na king'ora cha moshi hakijui udi ni ibada. Muulize msimamizi kwanza. Kama taa inaruhusiwa, vijiko viwili vidogo vya samli na utambi wa pamba vitawaka kwa takriban saa moja, na hiyo inatosha. Chumba chenye kiyoyozi kikali huifanya samli igande na utambi uzimike, hivyo uyeyushe samli kwa kuweka kopo lake ndani ya maji ya moto na kuelekeza upepo pembeni. Taa ikitoa cheche na kutatarika, kuna maji kwenye samli au utambi haujakauka. Udi mmoja unatosha kwa chumba kidogo; ikishindikana kabisa, watu hutumia taa ya betri na kuacha udi, kwani maua, maji na maneno yapo. Qatar ibada za namna hii hufanyika faraghani, kwa hiyo idadi iwe ndogo, sauti ya kiasi, na mlango ufungwe.

Suala la chakula ndilo linalowagombanisha watu wa chumba kimoja kuliko lolote. Mfuasi wa Satyahangma hatakula wali uliopikwa kwenye sufuria ya nyama hata ikiwa imeoshwa kwa sabuni mara tatu, na mwiko uliochota mchuzi wa kuku ukiingia kwenye dengu zake, dengu hizo zimekwisha. Suluhisho ni sufuria moja, mwiko mmoja na kisu kimoja vya kwake peke yake, vyenye alama ya rangi. Mayai na samaki ni nyama kwa hesabu hii. Maziwa na samli vinaruhusiwa. Vitunguu na vitunguu saumu muulize yeye mwenyewe, maana nyumba hazilingani.

Kuhusu tarehe. Sherehe mbili kubwa za Wakirati zinafuata mwezi: Ubhauli katika mwezi mpevu wa Baisakh, kati ya Aprili na Mei, wakati wa kupanda mbegu, na Udhauli katika mwezi mpevu wa Mangsir, kati ya Novemba na Desemba, baada ya mavuno. Hii ya pili Walimbu huiita Chasok Tangnam, na kiini chake ni kumpa Yuma mazao mapya kabla binadamu hajayaonja. Satyahangma wana pia siku ya kuzaliwa Phalgunanda, tarehe 25 Kartik, inayoangukia karibu na 11 Novemba. Watu wa Ghuba huahirisha mikusanyiko hadi Ijumaa kwa sababu ya kazi, na hilo halina ubaya kwa sherehe. Kwa kumpa mtoto jina ni tofauti: siku ya tatu au ya nne haisogezwi ili ilingane na mapumziko ya baba.

Siku hiyo ya jina kule nyumbani, nyumba husafishwa, mama na mtoto hutakaswa, phedangma hukariri na jina hutolewa mbele ya ndugu. Baba aliye mbali hufuata kwa simu, na hapo saa huwachanganya watu wengi. Nepal iko mbele ya Doha kwa saa mbili na dakika arobaini na tano, si saa tatu kamili. Ibada ikianza huko saa 12:00 asubuhi, Doha ni saa 9:15 usiku. Chajini simu jioni yake, jaribuni mtandao mapema, na mwambieni ndugu mmoja kule ashike simu karibu na phedangma, mbali na jiko, kwa sababu sauti ya ukariri ndiyo anayoihitaji baba kuliko picha. Hapa Doha ataweka maji, maua na matunda yake na kusali kwa wakati uleule.

Wewe nenda na matunda mazima, kilo moja inatosha: mapera, machungwa, ndizi zisizo na madoa. Maua ukipata, ya njano au meupe. Bahasha ya fedha kwa ajili ya mtoto inapokelewa vizuri. Iweke mkononi mwa baba, usiiweke juu ya madhabahu. Usibebe keki kabla hujauliza kama ina mayai, wala peremende laini zile zinazovutika, maana nyingi zina jelatini ya wanyama. Vua viatu mlangoni, acha nje mkanda na pochi ya ngozi, na kama ulikula nyama usiku huo piga mswaki na uoge kabla ya kuingia. Kaa sakafuni miguu ikiwa imekunjwa, nyayo zisielekee madhabahu, na usiruke juu ya kitu chochote kilichowekwa chini kwa ajili ya ibada, zunguka. Salamu ya Kilimbu ni "sewaro", husemwa viganja vimeunganishwa kifuani, na unaitumia kufika na kuondoka.

Huhitaji kukariri wala kusujudu ikiwa dini yako hairuhusu. Kukaa kimya kwa heshima kunatosha, na tunda ukiona dhamira yako inakuzuia kulila kwa kuwa limetolewa kwa mungu, mwambie mapema, siku moja kabla. Atakutengea jingine ambalo halikuwekwa mezani, na hatakwazika. Kukwazika kutakuja ukilikataa mkononi mbele ya ndugu zake walioko kwenye simu.